Ateri ya shingo iliyobanwa baada ya AVC: mwongozo kwa mgonjwa na wanaomuuguza Lubumbashi

Mtu akishapata kiharusi, au AVC kama tulivyozoea kuita hapa Lubumbashi, nyumba nzima hutazama mkono na mguu: vitarudi lini? Wakati huohuo kuna swali lisilopaswa kungoja: bonge la damu lililoziba ubongo limetoka wapi? Kama limetoka kwenye ateri ya shingo iliyobanwa, jingine linaweza kulifuata, na hatari ni kubwa zaidi katika wiki mbili za mwanzo. Kwa hiyo chukueni daftari leo hii. Kwenye ukurasa wa kwanza andikeni mambo mawili: tarehe na saa dalili zilipoanza, na upande wa mwili uliolegea. Karibu kila uamuzi unaofuata hapa chini unategemea hayo mawili.

Kinachotokea shingoni

Kila upande wa shingo una ateri kubwa inayopanda kutoka kifuani. Ikifika karibu na sehemu ya juu ya kikoromeo inagawanyika panda. Tawi la nje linalisha uso na ngozi ya kichwa. Tawi la ndani linaingia kwenye fuvu, linalisha jicho na sehemu kubwa ya ubongo wa upande huohuo. Pale tawi la ndani linapoanzia, ateri imetanuka kidogo, na damu haipiti kwa mkondo ulionyooka, inazunguka. Hapo ndipo mafuta, kovu na chokaa hujikusanya ukutani kwa miaka mingi, hasa kwa mwenye tansio ya juu, kisukari, kolesteroli nyingi au kwa mvutaji wa sigara.

Watu hufikiri ubaya wake ni kwamba damu haifiki kichwani. Mara nyingi sivyo. Utando ule wa mafuta, kovu na chokaa hupasuka, damu huganda juu yake, kisha kipande kinameguka na kupanda hadi kwenye mshipa mdogo wa ubongo. Ndiyo maana mgonjwa hakuhisi chochote shingoni kabla: hakuna maumivu wala uvimbe.

Jambo la upande lieleweke vizuri. Ateri ya kushoto inalisha ubongo wa kushoto, nao ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi pia maneno. Mzee aliyelegea upande wa kulia na kushindwa kusema, ateri yake ya kutiliwa shaka ni ya kushoto. Jicho halivuki: ateri ya kushoto, jicho la kushoto. Jicho moja likiingia giza kama pazia linaloshushwa, kisha likarudi baada ya dakika chache, hiyo si macho kuchoka. Ni onyo la ateri ya shingo, na linastahili kukimbiziwa hospitali sawa na mkono uliolegea. Kizunguzungu peke yake au kuzimia peke yake kwa kawaida hakutoki kwenye ateri hizi.

Si kila AVC inatoka shingoni. Kwa watu wenye asili ya Afrika, mishipa iliyo ndani ya fuvu hubanwa mara nyingi zaidi kuliko ya shingo ukilinganisha na Wazungu, na AVC za kuvuja damu zinazotokana na tansio ni nyingi kwetu. Moyo unaodunda ovyo nao hurusha mabonge. Kwa kijana, daktari atafikiria pia ugonjwa wa seli mundu, VVU, kaswende, vali za moyo zilizoharibika, au ateri iliyochanika baada ya shingo kuumia. Ekografi ya shingo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, ni hatua moja kati ya kadhaa. Ikitoka safi, kutafuta chanzo kunaendelea.

Siku ya kwanza: mpangilio usivurugwe

Uso umepinda, mkono umelegea, maneno yamevurugika: angalieni saa, mwende. Msimpandishe mgonjwa pikipiki. Aliyelegea upande mmoja hawezi kujishikilia, na akitapika anaweza kupaliwa. Tafuteni gari, alale kwa ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo.

Aspirini isimezwe nyumbani. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha AVC ya kuziba na ya kuvuja, hata daktari. Skana ya kichwa ndiyo inayoamua: damu iliyovuja inaonekana mara moja, nyeupe. Iliyoziba inaweza isionekane katika saa za kwanza, kwa hiyo jibu la "skana ni ya kawaida" halimaanishi hakuna AVC. Maana yake hakuna damu iliyovuja. Hapo aspirini inaruhusiwa. Kabla ya kumpeleka mgonjwa, pigeni simu hospitalini, iwe Sendwe, Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali nyingine yenye skana, mwulize kama mashine inafanya kazi saa hiyo. Kuzunguka mjini na mgonjwa kunakula muda ambao haurudi. Dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze. Ulizeni mlangoni.

Sukari ipimwe kwa tone la damu ya kidole hapohapo. Sukari ikishuka sana inaiga AVC kabisa, na dawa yake ni ya dakika chache.

Asipewe chochote mdomoni, hata maji, hata vidonge, kabla ya kupimwa namna anavyomeza. Mwuguzi humkalisha wima, humpa maji kijiko kimoja kimoja cha chai, na kusikiliza: akikohoa, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, wanaacha. Mgonjwa anayelishwa uji akiwa amelala anapata nimonia, na nimonia inaua watu ambao AVC yenyewe haikuwaua.

Tansio ikisoma 190 au 200 siku hiyo, msimbembeleze mtu amchome sindano ya kuishusha upesi. Katika AVC ya kuziba isiyopewa dawa ya kuyeyusha, madaktari kwa kawaida huvumilia hadi 220 kwa 120 siku ya kwanza, kwa sababu ubongo ulio pembeni ya jeraha unaishi kwa msukumo huo. Ateri ya shingo ikiwa imebanwa sana, kuishusha ghafla kunaweza kupanua jeraha.

Na kama dalili ziliisha zenyewe baada ya nusu saa? Hiyo ni AIT, AVC ya kupita. Watu hushukuru Mungu na kurudi nyumbani. Mshukuruni Mungu, lakini mwende hospitali siku hiyohiyo: ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu ubongo bado mzima na bado kuna cha kuokoa.

Ekografi ya shingo: namna ya kuiomba na kuisoma

Ifanyike ndani ya siku moja au mbili tangu mgonjwa atulie, si baada ya mwezi. Karatasi ya kuomba iandikwe wazi: ekografi Dopla ya ateri za shingo, pande zote mbili, pamoja na upande wa dalili. Ekografi ya kawaida ya shingo, ile ya kutazama tezi, haitoshi. Lazima ipime mwendo wa damu.

Ripoti zetu huandikwa kwa Kifaransa na vifupisho vyake vinatisha bure. ACC ni ateri kuu kabla ya panda, ACI ni tawi la ndani, ACE ni tawi la nje. Kinachotuhusu ni ACI. Tafuteni kasi ya juu kabisa ya damu ndani yake, inayoandikwa kwa sentimita kwa sekunde. Bomba likibanwa, maji hukimbia zaidi mahali palipobanwa. Damu nayo ni hivyo. Kwa vigezo vinavyotumika sana, chini ya 125 maana yake ateri haijabanwa kufikia asilimia 50. Kati ya 125 na 230 ni asilimia 50 hadi 69. Zaidi ya 230 ni asilimia 70 au zaidi, hasa ikiwa kasi ya ACI imezidi ya ACC mara 4. Mashine nyingine huandika kwa mita: 2.3 ni sawa na 230.

Mahali ambapo kipimo hiki hukosea:

- Mpimaji ameweka pembe ya Dopla zaidi ya digrii 60. Kasi inatoka kubwa kuliko ilivyo.
- Chokaa nyingi ukutani hutupa kivuli cheusi, na sehemu iliyobanwa inajificha humo.
- Ateri ya upande wa pili imeziba kabisa, kwa hiyo hii iliyobaki inabeba damu ya wawili na kukimbia hata kama haijabanwa sana.
- Ateri imebanwa hadi imebaki uzi. Hapa kasi hushuka badala ya kupanda, na ripoti inaweza kusema "kawaida" au "imeziba". Kosa hili ndilo linalotugharimu zaidi, maana iliyoziba kabisa haipasuliwi, lakini iliyobanwa sana bila kuziba inaweza kupasuliwa.

Ndiyo sababu uamuzi wa upasuaji haupaswi kusimama juu ya ekografi moja. Skana ya mishipa yenye dawa ya rangi inathibitisha. Kabla ya dawa hiyo, kreatinini, yaani kipimo cha kazi ya figo, ipimwe labo, na mwenye kisukari anayemeza metformini aseme mapema.

Kuna tego moja kwenye asilimia. Chukulia mwanya mwembamba kabisa una milimita 1.5, na ateri nzima juu yake ina milimita 5. Kwa hesabu ya Amerika ya Kaskazini, ile ya utafiti wa NASCET wa 1991, unatoa 1.5 kwenye 5, unagawa kwa 5: asilimia 70. Kwa hesabu ya zamani ya Ulaya, wanalinganisha na upana wa asili palepale ilipotanuka, tuseme milimita 8: asilimia 81. Ateri ni moja, namba ni mbili. Ripoti isiposema imetumia hesabu ipi, mwulize aliyeiandika. Namba zote zinazofuata ni za hesabu ya Amerika.

Nani apasuliwe

Upasuaji ni wa kufungua ateri, kukwangua utando wote na kushona. Katika NASCET, wagonjwa waliokuwa na asilimia 70 hadi 99 na dalili za upande huohuo walifuatiliwa miaka 2. Kati ya 100 waliotumia dawa peke yake, 26 walipata AVC nyingine ya upande huo. Kati ya 100 waliopasuliwa, 9. Kwa asilimia 50 hadi 69 faida ilikuwa ndogo: 22 kwa dawa peke yake, 16 kwa upasuaji, na kwa miaka 5. Chini ya 50 hakuna faida, na chini ya 30 kisu kiliumiza.

Dawa za siku hizi ni bora kuliko za wakati ule, kwa hiyo pengo huenda limepungua. Bado, kwa aliyebanwa asilimia 70 na zaidi, aliyepata AVC ndogo au AIT na anayejiweza, tunaona swali la upasuaji liulizwe siku hiyohiyo majibu yanapotoka. Siku zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa waliobanwa asilimia 50 na zaidi, ukipasua wagonjwa 5 ndani ya wiki 2 unazuia AVC 1. Ukingoja zaidi ya wiki 12, utahitaji kupasua 125 kupata faida hiyohiyo. Kwa hiyo familia inayokusanya pesa kwa miezi 4 ili kumsafirisha mzee inapaswa kuambiwa ukweli na daktari: faida ya safari hiyo sasa imebaki ndogo, na pesa hizo huenda zikafanya kazi kubwa zaidi zikinunua dawa za miaka kadhaa.

Aliyeziba asilimia 100 hapasuliwi. Aliyelazwa na AVC kubwa iliyoharibu upande mzima wa ubongo kwa kawaida hapasuliwi pia. Kuna kidogo kilichobaki cha kulinda, na ubongo uliojeruhiwa unaweza kuvuja. Stenti, yaani bomba la waya linaloingizwa kupitia kinena, hufaa wengine, hasa shingo ikiwa imepigwa mionzi au kupasuliwa zamani. Lakini kwa mwenye zaidi ya miaka 70, upasuaji wa kawaida una AVC chache zaidi siku za mwanzo.

Mwulizeni mpasuaji swali moja bila aibu: kati ya wagonjwa wenu 100 wenye dalili, wangapi hupata AVC au kufa ndani ya siku 30? Jibu likizidi 6, faida imeliwa.

Mkiamua kusafiri

Wengi hapa huvuka Kasumbalesa kuelekea Zambia, na wengine hufika hadi Afrika Kusini. Ombeni kwanza tarehe ya kumwona mpasuaji, kisha ndipo mkate tiketi. Barua ya daktari iandikwe au itafsiriwe kwa Kiingereza, yenye tarehe ya AVC, upande, asilimia na njia ya hesabu, orodha ya dawa. Chukueni picha za skana zenyewe kwenye CD, si karatasi ya ripoti tu. Bila CD kipimo kinarudiwa na kulipiwa upya. Pasipoti, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, dawa za wiki mbili ndani ya mfuko wa mkononi. Aspirini haisimamishwi kwa ajili ya safari, wala kwa ajili ya upasuaji huu, labda mpasuaji mwenyewe aseme.

Dawa: hapa ndipo wengi wanapookolewa

Aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, wote wanameza. Dozi zifuatazo ni za kawaida kwa mtu mzima baada ya skana kuonyesha hakuna damu. Daktari ndiye anayeandika.

Aspirini: siku ya kwanza miligramu 160 hadi 300, kisha 75 hadi 100 kila siku, baada ya kula. Tembe ya 500 ya maumivu ya kichwa si dawa hii, msiigeuze ya kila siku.

Kwa AIT yenye hatari kubwa au AVC ndogo, ndani ya saa 24 huongezwa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: miligramu 300 mara moja, yaani tembe 4 za 75, kisha tembe 1 kwa siku. Zote mbili pamoja kwa siku 21, halafu moja inaachwa. Andikeni tarehe ya siku ya 21 kwa kalamu nyekundu. Wanaoendelea na zote mbili kwa miezi, kwa kudhani mbili ni bora kuliko moja, huishia kutapika damu. Anayehitaji dawa ya kulinda tumbo, pantoprazoli inafaa kuliko omeprazoli, ambayo hupunguza nguvu ya klopidogreli.

Statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli: atovastatini miligramu 40 hadi 80 kila siku, hata kama kolesteroli "si nyingi". Lengo ni LDL, ile kolesteroli mbaya, iwe chini ya miligramu 70 kwa desilita, ipimwe tena baada ya wiki 4 hadi 12. Misuli ikiuma mwili mzima na mkojo ukawa mweusi kama koka, simamisheni na mwende hospitali. Klaritromisini haichanganywi nayo bila daktari kujua, na anayetumia dawa za VVU aseme, kwa maana baadhi zinagongana.

Sindano ya diklofenaki na vidonge vya ibuprofeni hutolewa ovyo kwenye farmasi kwa kila maumivu. Kwa mgonjwa huyu zinapandisha tansio na kuumiza tumbo, na ibuprofeni huizuia aspirini kufanya kazi. Parasetamoli inatosha. Asichanjwe kwa wembe, kwa maana damu haitakata upesi. Na shingo isikandwe kwa nguvu wala kuvutwa: kukanda mahali penye utando kunaweza kumegua kipande. Mkono na mguu ndivyo vya kukandwa na kuzoezwa.

Tansio nyumbani

Baada ya siku za kwanza, lengo la muda mrefu kwa wengi ni chini ya 130 kwa 80, likifikiwa polepole kwa wiki kadhaa. Mwenye ateri zote mbili zilizobanwa sana daktari anaweza kumwekea lengo la juu kidogo. Akisimama na kuona giza au mkono ukalegea, tansio imeshuka mno kwake.

Kipimo cha mkono wa juu chenye betri kinafaa, umeme uwepo usiwepo. Mgonjwa akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini, kibofu kitupu, hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Mkono uegemee mezani usawa wa moyo. Pimeni mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, mwandike zote. Tumieni mkono wenye nguvu, maana uliolegea unaweza kudanganya. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene kinasoma juu, na mtu anaongezewa dawa asizozihitaji.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Takriban nusu ya uzito wa kyubu ya kupikia ni chumvi, kwa hiyo sombe (majani ya muhogo) yenye kyubu 3 imeshavuka mpaka wa mtu mmoja kwa siku kabla chumvi yenyewe haijatiwa. Makayabu, yaani samaki wa chumvi, yalowekwe saa 24, maji yabadilishwe mara 4, na hata hivyo yawe ya mara mojamoja. Bukari (ugali) haina tabu. Lengalenga na matembele ni vizuri. Tatizo ni mafuta ya mawese yanayoelea juu: kijiko kimoja kikubwa kwa mlo wa mtu mmoja kinatosha. Lutuku (pombe kali ya kienyeji) na sigara vinaachwa, si kupunguzwa.

Baada ya upasuaji

Saa 24 za kwanza, shingo ikivimba haraka na pumzi ikawa nzito, damu inakusanyika. Hiyo ni dharura ya dakika, hata usiku. Ganzi kwenye ukingo wa taya, sauti ya kukwaruza au ulimi kupinda huwa ni mishipa ya fahamu iliyovutwa, na kwa wengi hurudi ndani ya wiki au miezi.

Kichwa kikiuma vikali upande uliopasuliwa, tansio ikapanda, au mgonjwa akapata degedege wakati wowote ndani ya wiki 4, ubongo umepokea damu kwa nguvu kuliko ulivyozoea na unaweza kuvuja. Arudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha la shingo limekauka vizuri. Ekografi Dopla irudiwe ndani ya mwezi mmoja baada ya upasuaji, kisha kila mwaka, pande zote mbili, ikiwezekana kwa mashine ileile, na kasi za ACI ziandikwe kwenye daftari lilelile chini ya zile za kwanza.